Nyumba Yetu Imepata D

Tarehe 4 Juni

Mwanangu, binti yangu,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Ndivyo mama yangu alivyonifunza na sitaacha leo. Mimi mwili haujambo, moyo ndio mgonjwa. Baba yako hajambo, goti lake ni lile lile, akipanda ngazi mbili anaitukana ya tatu. Kaka yako seremala anakusalimu, amepata kazi ya madawati ya shule, nyumba nzima imejaa vumbi la mbao. Wifi yako anakusalimu, tumbo limekuwa kubwa, mwezi ujao Mungu akipenda. Shangazi yako anakusalimu na anauliza kama hayo macho yako ya kusoma sana umeyapeleka hospitali. Wanawe wote watatu wanakusalimu, yule mdogo ameng'oka meno ya mbele, akikutaja anarusha mate.

Hao ndio wanaokusalimu. Wasiokusalimu ni hawa. Mama Cherehani, jirani yetu wa ukuta mmoja, aliyekushonea sare yako ya kwanza ya shule, hakusalimu. Nilimwambia naandika barua, akasema, "Mwandikie tu. Jina lake tumekwishalisoma." Mzee Redio hakusalimu. Alikuwa anachomea waya, hata kichwa hakuinua, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako."

Jumatatu walikuja watu wa manispaa na ndoo ya rangi nyekundu. Kila nyumba wakaiandika herufi ukutani. Chache B, chache C, nyingine zote D. Yetu D. Mimi nimesoma masomo ya watu wazima miaka miwili tu, lakini D naijua. Uliileta siku moja ukiwa darasa la sita, ya hesabu, ukaificha chini ya godoro. Nikamuuliza yule mwenye brashi, "Baba, hii nyumba imefanya mtihani gani?" Akacheka. "Muulize mwanao, mama. Sisi tunanakili tu."

Kwenye ubao wa ofisi ya mtaa wamebandika karatasi. Kaka yako alinisomea mara mbili, nikidhani amekosea. Kwamba kwa mujibu wa utafiti wa chuo, nyumba themanini na moja kati ya mia moja na kumi na mbili hazifai kukaliwa na binadamu. Kwamba mtaa wote utaondolewa, pajengwe maghorofa, na mwenye pingamizi alilete mkutanoni tarehe 9 Julai. Chini yake jina lako, na mbele ya jina, Daktari. Watu wanauliza huyu ni daktari gani anayeua nyumba.

Hazifai kukaliwa na binadamu! Wewe ulizaliwa ndani ya hiyo D. Sisi tunaoishi humo ni nini, kuku?

Wale wanafunzi wako mwezi wa pili niliwapokea mimi. Niliwapitisha nyumba hadi nyumba, nikisema hawa ni watoto wa mwanangu. Kumbe nilikuwa nawaonyesha njia ya kupitisha tingatinga.

Niambie ulijua au hukujua. Simu yako naiona inalia na naiacha ilie. Kwenye simu wewe unaongea, mimi nalia. Kwenye karatasi tuko sawa.

Mimi mama yako.


Tarehe 11 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Baba naye shikamoo, na salamu kwa wote, hata kwa wasionisalimu.

Naomba nikueleze taratibu, usikasirike kabla hujafika mwisho. Kila mwaka wanafunzi wangu wa mwaka wa pili huchagua mtaa mmoja na kuusoma. Wanahesabu nyumba, wanachora vichochoro, wanawauliza wenyeji. Kila nyumba inapewa alama kwa choo chake, paa, jiko, maji, na idadi ya watu kwa chumba. Alama hizo zikijumlishwa ndiyo inapatikana A, B, C au D. Ripoti inabaki chuoni na nakala inakwenda manispaa. Ndivyo inavyofanyika.

Mimi ninachofundisha ni kuboresha mtaa bila kumhamisha mtu. Bomba liingie, mtaro uchimbwe, watu wabaki palepale. Hilo nimeliandika kwenye ukurasa wa mwisho wa ripoti. Manispaa wamesoma ukurasa wa kwanza.

Lakini Mama, siwezi kubadilisha takwimu kwa sababu ni mtaa wa mama yangu. Nikifanya hivyo leo, kesho nani ataniamini? Wanafunzi waliandika walichoambiwa.

Kwangu kuna chumba kitupu chenye dirisha kubwa. Njooni mkae, wewe na Baba. Pokea simu, tafadhali.

Mwanao.


Tarehe 17 Juni

Mwanangu,

Marahaba nimeitikia, kwa kuwa shikamoo haina kosa. Salamu nyingine leo ni fupi kama subira yangu.

Chumba chenye dirisha! Nije nikae kwenye kiti chako nitazame ukuta, na baba yako avue viatu mlangoni kama mgeni? Kule nyuma ya kiwanda walibomoa na wakajenga maghorofa, wewe ulikuwa umeshakwenda chuo. Uliza wale wa zamani wako wapi. Aliyerudi ni mmoja tu, naye anafungua geti.

Unaniambia takwimu. Kaka yako amekwenda ofisi ya mtaa akaomba aone hizo takwimu. Zinasema Mama Cherehani hana choo. Mwanangu, mimi nimetoka kwenye choo hicho sasa hivi! Kina mlango, kina komeo, na ndani ameweka kioo, sijui anajitazama akifanya nini. Zinasema Mzee Redio paa lake linavuja. Yule mzee anapanda juu ya hilo paa kila mwezi na kopo la lami, mkewe anamwambia, "Ukianguka usije kwangu." Hao wanafunzi wako ni vipofu? Yule mrefu mwenye miwani, miwani ile ni ya mapambo?

Nikikohoa mara mbili, Mama Cherehani anagonga ukuta kuuliza kuna nini. Sasa hivi kwa hasira zake hagongi, na mimi silali vizuri. Kwenye fomu yenu kuna mahali pa kuandika ukuta unaogongwa? Kuna alama ngapi hapo?

Miaka yote nimekuwa nikisema mwanangu anafundisha watu kupanga miji. Nilikuwa nasema kwa sauti, hata nikiwa kwenye foleni ya maji, hata kwa asiyeuliza. Leo nikipita wananiita Mama Daktari, halafu wanatema mate.

Yafute hayo mliyoandika. Mtu aliyeandika ndiye anayeweza kufuta.

Mama yako.


Tarehe 24 Juni

Mama, shikamoo.

Barua yako niliisoma nimesimama. Nikakasirika, nikatoka nje, nikarudi, nikafungua kabati. Fomu zote mia moja na kumi na mbili zimo kwenye maboksi mawili. Nimezisoma moja moja kwa siku tatu.

Nyumba namba arobaini. "Choo hakuna. Paa linavuja juu ya kitanda. Tunapika ukumbini. Tunalala kumi na wanne chumba kimoja." Hiyo ni nyumba ya Mzee Redio. Mzee Redio anaishi na mkewe. Hao kumi na wawili wengine ni redio?

Namba arobaini na moja, maneno hayo hayo, kwa mpangilio huo huo. Arobaini na mbili, hayo hayo. Kama darasa lililonakiliana mtihani.

Pembeni, kwa penseli, yule mrefu mwenye miwani ameandika: "Tulikaribishwa vizuri sana uani, tukapewa chai. Hatukuingia ndani, mwenyeji alisema kuna mgonjwa." Nikaanza kuhesabu, Mama. Siku mbili walizokuwa huko kulikuwa na mgonjwa katika nyumba sabini na sita. Ni ugonjwa gani huo, na mbona hamkunipigia simu?

Sasa namba kumi na saba. Aliyejibu: mama mwenye nyumba. "Jiko hakuna." Jiko lile Baba alilijenga nikiwa darasa la nne. Mchanga niliubeba mimi kwa ndoo mpaka viganja vikachubuka.

Wanafunzi wangu wanaitwa vipofu. Na mwongo yuko hukohuko kwenu. Nataka kujua nani aliwafundisha watu maneno hayo. Mtu mmoja aliwafundisha, kwa sababu uongo wa watu wengi haufanani hivyo.

Mwanao.


Tarehe 30 Juni

Mwanangu,

Ni mimi.

Siku moja kabla hawajaja, nilipita mlango kwa mlango. Nikasema, "Kesho wanakuja watoto wa mwanangu kutuandika. Atakayejisifu atatukosesha. Semeni hivi na hivi." Nikawakaririsha kama mashairi. Na nikasema wasiwaingize ndani, wataona vitanda. Mama Cherehani ndiye alibisha. "Choo changu nimekijenga miezi mitatu, nikikane?" Nikamwambia, "Kikane siku moja, kitakusamehe." Leo unajua kwa nini hanisalimu. Ile barua ya kwanza nilikuandikia kama vile wanakuchukia wewe peke yako. Wewe wanakuchukia kidogo. Mimi ndiye wananichukia sana.

Usinicheke. Wale wa vyandarua walipokuja, aliyesema ana kitanda kimoja alipata chandarua kimoja, na aliyelia alipata vitano. Wale wa mbegu vivyo hivyo. Maisha yetu yote mtu mwenye karatasi akija unamwonyesha kidonda. Nani huenda hospitali kujisifu afya? Nilitaka bomba. Nilitaka mtaro, mvua isituingilie tena mlangoni. Sikujua kwamba safari hii mgonjwa akieleza maumivu anachimbiwa kaburi. Mngeniambia! Kwenye fomu mngeandika juu kwa herufi kubwa: atakayelalamika atabomolewa.

Hilo ni langu, nimelisema. Sasa nina swali, na nimelala nalo siku mbili.

Unasema mchanga wa lile jiko uliubeba wewe. Basi ulipoisoma fomu ya kwetu mara ya kwanza, kabla hujatia saini, ikakwambia jiko hakuna, ulifikiri limekwenda wapi?

Mama yako.


Tarehe 5 Julai

Mama,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nne.

Niliisoma kabla ya kutia saini. Namba kumi na saba niliitafuta ya kwanza, kama mtu anayetafuta picha ya kwao. Nilipofika kwenye jiko nilijua ni uongo. Nilijua na mengine yote ni uongo. Nikasaini.

Nikueleze yote. Mwezi wa kumi na mbili bwana mipango wa manispaa alikuja chuoni. Alisema wanahitaji eneo la kujenga, kuna mitaa mitatu wanaiwazia, na mtaa utakaopata alama mbaya ndio utakaoondolewa. Akaniachia nichague wanafunzi waanze na upi. Nilichagua wa kwetu. Nilijua nyumba zetu ni imara, nikasema ziandikwe mapema, alama nzuri ziwe ngao yenu. Ndiyo maana nilikupigia nikakwambia muwapokee vizuri, waambieni kila kitu. Sikukwambia kuhusu bwana mipango kwa sababu nilijua ungetangaza kwenye foleni ya maji.

Zilipokuja D, ningeweza kuwarudisha wanafunzi waingie ndani. Mwenzangu mmoja ofisini alikuwa ameshasema, "Tuone kama Daktari ataupendelea mtaa wa mama yake." Wote wakacheka. Nikaogopa kicheko hicho. Nikaogopa kuonekana mtoto wa kichochoro. Nikaiacha ripoti ilivyo, ili waone sipendelei.

Nimeandika barua kwa manispaa, imekwenda leo. Mkutanoni sitakuja. Mkuu wa idara ameniambia wazi kwamba nikisimama mbele za watu nikasema nilisaini uongo nikijua, sitafundisha tena, si hapa wala kwingine. Barua itatosha. Niamini.

Mwanao.


Tarehe 10 Julai

Mwanangu,

Mkutano ulikuwa jana. Naandika haraka, utanisamehe mistari.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Baba yako alitembea kwa goti lile njia nzima, hakutukana hata hatua moja, ndipo nilipojua ameumia. Bwana mipango alikaa mbele na faili lake. Ni kijana tu, ana adabu, aliniamkia. Alipouliza nani ana pingamizi, nilisimama mimi. Nikasema, "Zile fomu ni uongo. Niliwakaririsha watu mimi, mlango kwa mlango. Vyoo vipo. Majiko yapo. Wagonjwa hawakuwepo."

Mtu nyuma akacheka. Mzee Redio akageuka. "Nyamaza wewe. Huoni mtu anajichinja hapo?"

Bwana mipango akanitazama, wala siyo kwa ubaya. Akasema, "Mama, mwezi wa pili mlituambia hamna. Leo mnaambiwa mnahama, mnasema mnavyo. Nitajuaje kwamba uongo wenyewe siyo huu wa leo?"

Nikasema, "Njoo uone." Akasema yeye hafanyi kazi ya kukagua vyoo, anafuata ripoti. Mama Cherehani akainuka pale alipokuwa, "Basi njoo ukijaribu choo changu! Ukitoka humo utaamini!" Ukumbi ukaangua kicheko, na bwana mipango akacheka. Lakini alipomaliza kucheka, ripoti ilikuwa bado iko mezani.

Ndipo akatoa barua yako. Nikashukuru Mungu kwa sauti. Akaisoma mbele ya wote: "Kuna uwezekano wa dosari ndogo ndogo katika baadhi ya majibu."

Dosari ndogo ndogo!

Mimi nimejiita mwongo mbele ya watoto ambao mama zao niliwazalisha kwa mikono hii. Nimesimama nimevua heshima yangu yote nikaiweka sakafuni. Na wewe, Daktari, mwenye maneno yote ya dunia, ndilo neno ulilonitumia? Uwezekano? Uliponiandikia mimi ulisema "nilijua". Neno hilo lilikuwa dogo, lingeenea kwenye bahasha ya manispaa pia. Ulilifanyia nini njiani?

Bwana mipango akakunja barua. Akasema, kwa hii hawezi kusimamisha kitu. Lakini akasema na hili, kaka yako ameliandika nisije nikakosea: aliyesaini ripoti akifika mwenyewe kabla ya tarehe 20 na kuikana kwa mdomo wake mbele ya mashahidi, sheria inawalazimisha kuhesabu upya, nyumba kwa nyumba, na kuingia ndani. Asipofika, tarehe 21 mashine zinaingia, zinaanzia upande wetu.

Nimerudi nyumbani nikapika kwenye jiko ambalo halipo. Watu wamekuja uani, hawakunisalimu, wamekaa tu. Mzee Redio akasema, "Sisi tulidanganya kwa sababu tulifundishwa na mama. Binti naye alifundishwa na nani?" Nilimjibu moyoni na sipendi nilichojijibu.

Unaogopa hutafundisha tena. Najua uzito wake. Miaka yote ya shule nilikuamsha mimi kwa mkono huu, najua kila asubuhi ilivyokuwa. Sitakudanganya kwamba ni kitu kidogo. Lakini ukibaki hapo mbele ya ubao, na mwanafunzi akanyoosha kidole akauliza, "Mwalimu, nikikuta fomu imeandikwa uongo nifanye nini?", utamwambia nini? Utamwambia asaini?

Mimi aibu yangu nimeipata jana. Nilidhani nitakufa. Leo nimeamka, nimefagia, nimekunywa chai. Haiui, mwanangu. Inauma tu.

Bado nina hasira na wewe, usidhani nimepoa. Ukija sitakukumbatia stendi. Nitakushika mkono nikupeleke moja kwa moja kwa bwana mipango, useme, halafu tutakuja kugombana nyumbani vizuri, mpaka baba yako atuombe tunyamaze.

Usiniandikie utajaribu. Usiniandikie uwezekano. Andika "nakuja", au andika "siji". Ukiandika "siji" nitawasomea watu mwenyewe hapa uani, herufi kwa herufi, ili wafungashe vitu vyao mapema na wasipoteze siku wakikutazamia njiani. Wifi yako naye ajue atazalia wapi.

Barua hii nimempa dereva wa basi mkononi. Atakuja nayo mpaka mlangoni kwako, na nimemwambia asimame hapo hapo asiondoke bila jibu. Usimkaribishe chai, usimweleze habari. Mpe jibu.

Upesi, mwanangu.

Mama yako.